Kuidanganya Programu ya Zamani

Programu ya biashara haiozi. Hesabu ya riba iliyoandikwa kwa lugha ya Clipper mwaka 1990 hutoa leo jibu lilelile ililotoa siku ya kwanza, mradi ipate mashine ya kuiendesha. Tatizo ni kwamba mwandishi wake alichukulia mambo mengi kuwa ya kudumu: printa iko kwenye mlango wa LPT1, mtumiaji anaruhusiwa kuandika popote kwenye diski, prosesa ina kasi ya wastani. Hayo yamepita. Ndiyo maana kila mbinu ya kuendesha programu kuukuu kwenye mfumo endeshi mpya, iwe ya Microsoft, ya IBM au ya watu wa kujitolea, kiini chake ni kuidanganya programu hiyo kwamba bado iko kwenye dunia yake. Mbinu hizo zinatofautiana kwa ukubwa wa uongo tu, na hoja yangu ni kwamba uongo kamili ni salama kuliko uongo nusunusu. Ofisi nyingi huchagua kinyume chake, kwa sababu uongo nusunusu huja bure ndani ya Windows na hauombi kazi yoyote.

Tuuangalie mmoja kwa karibu. Programu nyingi za biti 32, zile za Visual FoxPro na Visual Basic 6 zikiwemo, zilizoea kuweka faili za data palepale zilipo zenyewe, ndani ya C:\Program Files. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007, mtumiaji wa kawaida hakuruhusiwa tena kuandika humo. Kama Microsoft ingekataa waziwazi, maelfu ya programu zingegoma siku hiyohiyo. Badala yake, Windows ikaikubalia programu, kisha kimyakimya ikaiandikia nakala kwenye folda iitwayo VirtualStore, ndani ya AppData ya mtumiaji aliyeingia. Programu ikisoma tena, inaonyeshwa nakala hiyo kwanza. Kwa mtu mmoja kwenye kompyuta moja, kila kitu kinaonekana sawa. Lakini keshia wa asubuhi akiingia kwa jina lake na wa jioni kwa lake, kila mmoja anajaza leja yake, na wote wawili wanaamini ni moja. Siku fundi akiifungua programu kwa ruhusa za msimamizi, anakuta leja ya tatu, ile halisi, ambayo haijaguswa tangu kompyuta iliponunuliwa. Na anayehifadhi nakala ya akiba ya Program Files kila Ijumaa anahifadhi hiyo ya tatu. Hakuna kilichoharibika kwa maana ya kiufundi. Data zote zipo. Ila hakuna mtu ofisini anayejua ziko wapi, na kwa mhasibu hilo halina tofauti na kuzipoteza. Dawa yake ni ndogo mno: kuihamishia programu kwenye folda yake yenyewe nje ya Program Files. Lakini mtu hutafuta dawa akijua anaumwa.

Si kila uongo mdogo una madhara. Tangu Windows 8.1, programu ya zamani inayouliza namba ya toleo hujibiwa 6.2, hata kama kompyuta ina Windows 11, na hakuna leja iliyowahi kupotea kwa hilo. Vilevile, programu nyingi za biti 32 zilikuja na kisakinishi cha biti 16 ambacho Windows ya biti 64 haiwezi kukiendesha. Kwa visakinishi vichache maarufu, Windows huvitambua na kuvibadilisha na vya biti 32 bila kumwuliza mtu. Uongo wa namna hii unahusu swali moja na unaishia hapo. Unaotisha ni ule unaogusa mahali data zinapokaa.

Uongo kamili una historia ndefu kuliko Windows. IBM ilipotangaza System/360 mwezi Aprili 1964, wateja wake walikuwa na programu tele za mashine ya 1401, na Honeywell ilikuwa tayari inawavuta kwa mashine yake ya 200 pamoja na programu ya kugeuzia kazi za 1401. IBM haikutia viraka. Kwenye Model 30 iliweka ndani ya prosesa maelekezo madogo yaliyoifanya mashine nzima iwe kama 1401. DOSBox hufanya jambo hilohilo leo kwa programu za DOS: huigiza prosesa, kumbukumbu, saa na skrini. Leo hili ni la lazima, kwa sababu prosesa ikiwa kwenye hali ya biti 64 haina tena ile hali maalumu ya 8086 ambayo Windows za biti 32 ziliitegemea kuendesha DOS, na Windows 11 haina toleo la biti 32.

Faida ya uongo kamili inaonekana kwenye hitilafu mashuhuri ya Turbo Pascal. Programu zilizotumia sehemu yake iitwayo Crt zilipima kasi ya kompyuta zinapoanza: zilihesabu mizunguko ndani ya milisekunde 55, kisha zikagawanya kwa 55. Prosesa zilipokuwa na kasi kubwa, jibu likazidi 65,535, likakosa nafasi ndani ya biti 16, na programu ikafa kwa ujumbe wa Runtime error 200 kabla haijaonyesha hata menyu. Kwenye kiigizi unapunguza kasi, basi. Na folda uliyoikabidhi DOSBox ndiyo folda yenye data, hakuna nyingine.

Wapo watakaosema DOSBox ilitengenezwa kwa ajili ya michezo. Ni kweli, na wenye kuitengeneza hawajaficha. Printa na kufunga rekodi wakati watu wawili wanaandika faili moja ni udhaifu wake, ndiyo maana wengine wakatengeneza vDos kwa kazi za ofisi. Pingamizi zito zaidi linahusu njia nyingine ya uongo kamili, mashine pepe (kompyuta nzima inayoigizwa ndani ya kompyuta) yenye Windows XP, ambayo haijapata marekebisho ya usalama ya kawaida tangu Aprili 2014. Hapa hatari haiko ndani ya mashine pepe peke yake. XP huongea na folda za mtandao kwa SMB1, itifaki ambayo kirusi cha WannaCry kiliipenya Mei 2017, na anayeiwasha upya kwenye seva ili XP ione folda amewafungulia wavamizi mlango wa ofisi nzima. Uongo ukiwa kamili, XP haihitaji mtandao hata kidogo: inapewa folda moja kupitia mashine pepe yenyewe, kadi ya mtandao inazimwa.

Na kuandika programu upya? Iandikwe. Faili za DBF, ambamo programu za Clipper na FoxPro huweka data, hazimzuii mtu: tarehe ni herufi 8 zinazosomeka kwa macho, na LibreOffice inazifungua. Kisichomo kwenye DBF ni kanuni: sehemu ya senti inakatwa wapi, faini inaanza siku ya ngapi. Hizo zimo ndani ya programu tu, na njia ya kuhakiki kama mpya imezipata ni kuziendesha zote mbili kwa data za mwezi uleule na kulinganisha ripoti mstari kwa mstari.