Lango Moja, Viwanja Vingi: Namna Rubani wa Ndege Ndogo Apunguzavyo Gharama za Viwanja vya Ng'ambo

Iko dhana, iliyoenea hata miongoni mwa marubani wenyewe, kwamba mtu mwenye ndege ndogo ya injini moja akitaka kuivusha mipaka ya nchi yake shurti awe na mali nyingi, kwa kuwa kila akanyagapo ardhi ya kigeni atatozwa ada juu ya ada. Na dhana hiyo, ijapokuwa haikuzuka bila sababu, inachanganya mambo mawili yapasayo kutenganishwa, nayo ni gharama ya kuruka na gharama ya kutua. Gharama ya kuruka huamriwa na injini, na injini haijui mpaka: lita inazozichoma juu ya Kent ndizo itakazozichoma juu ya Picardie. Gharama ya kutua huamriwa na kalamu, yaani na uchaguzi wa viwanja unaofanywa mezani, ramani ikiwa imekunjuliwa, kabla injini haijawashwa. Katika makala haya nakusudia kuchambua uchaguzi huo hatua kwa hatua, kwa mfano wa njia inayotumiwa sana na marubani wa ndege ndogo wa Uingereza waendao Ufaransa, ili ionekane kwamba unafuu wa safari hautokani na ubakhili bali hutokana na tadbiri.

Njia yenyewe huanzia Lydd, katika pwani ya Kent, na kutua Le Touquet upande wa pili wa bahari, mwendo wa kama kilomita 70, ambao ndege ndogo ya Cessna 172 huukata kwa muda usiotimia nusu saa. Ni njia yenye historia. Mwaka 1948 kampuni ya Silver City Airways ilianza kuvusha magari pamoja na wenyewe kwa ndege za Bristol Freighter kutoka Lympne hadi Le Touquet, na mwaka 1954 kiwanja cha Lydd, kilichoitwa Ferryfield siku hizo, kilifunguliwa kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Zama za magari kuvushwa kwa ndege zimepita, lakini fadhila za mahali zimebaki: bahari ni nyembamba, na pande zote mbili kuna viwanja vya kadiri ambavyo forodha na uhamiaji huweza kupatikana.

Msingi wa kisheria wa safari hizi ni Mkataba wa Chicago uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944, nao una vifungu vichache ambavyo kila rubani anayehesabu fedha zake angefaidika kuvifahamu. Kifungu cha 5 kinaipa ndege isiyo ya ratiba, ya nchi mwanachama, haki ya kuingia katika nchi nyingine mwanachama bila kuomba ruhusa ya kidiplomasia, kwa kufuata masharti ya mkataba. Kifungu cha 10 kinazipa dola haki ya kuitaka ndege iingiayo itue, na itokayo iondokee, katika kiwanja chenye forodha. Kifungu cha 15 kinakataza mgeni wa namna hiyo kutozwa ada za uwanja zaidi ya zile anazotozwa mwenyeji mwenye ndege ya daraja lile lile kwa kazi iliyo sawa. Basi ukivisoma vifungu hivi pamoja utaona kwamba sheria haimwadhibu mgeni kwa ugeni wake. Inachomtaka ni kupita langoni tu. Anayelipa fedha nyingi aghlabu amezilipa kwa sababu amelifanya lango kuwa ndiyo makazi.

Tuzitazame ada zenyewe. Ya kwanza ni ya kutua, ambayo kwa kawaida hukadiriwa kwa uzito wa juu unaoruhusiwa wakati wa kuruka. Ya pili ni ya maegesho, kwa saa au kwa usiku. Ya tatu ni ya abiria. Na ya nne, iliyo nzito kuliko zote, ni ya wakala wa huduma za uwanjani, ambaye katika viwanja vingi vikubwa, hasa vya Ulaya ya kusini, rubani hana hiari ya kumkataa, hata kama kazi yake yote itakuwa ni kumpeleka kwa gari kutoka ndegeni hadi mlangoni. Ujerumani kuna jambo jingine tena, nalo ni kelele: ndege yenye cheti cha kuthibitisha kwamba ina ukimya wa kiwango cha juu hutozwa kidogo, na rubani aliyekisahau cheti hicho nyumbani hulipa kama mwenye ndege ya makelele. Ama ada ya kupita angani inayokusanywa na Eurocontrol, shirika la Ulaya la uongozaji wa anga, ndege zilizo chini ya tani mbili zimesamehewa, na Cessna 172S, yenye uzito wa juu wa kilo 1,157, imo ndani ya msamaha huo kwa nafasi kubwa. Kwa hiyo anga haimgharimu rubani huyu. Kinachomgharimu ni ardhi, na katika ardhi, zaidi ya yote, ni ule uwanja mkubwa wenye wakala.

Hapa ndipo ilipo siri ya ufundi wote. Uingereza haikupata kuwa ndani ya eneo la Schengen, na tangu mwisho wa mwaka 2020 imetoka pia katika eneo la forodha la Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo rubani atokaye huko hukabiliwa na milango miwili kwa pamoja, wa pasipoti na wa bidhaa. Lakini akishaipita, Ufaransa yote imefunguka mbele yake, na baada ya Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani, bila ya kulazimika kutua tena kwenye kiwanja chenye forodha mpaka siku ya kutoka. Rubani mwenye busara, basi, hulitenga lango na makazi: hutua Le Touquet au Calais, hulipa ada ya kutua mara moja, hukaguliwa pasipoti, kisha huruka tena siku ile ile kwenda kulala katika kiwanja kidogo cha bara kinachotunzwa na klabu ya marubani, ambako ada ama ni ndogo ama haipo kabisa. Ndivyo alivyokuwa nakhodha wa jahazi: hakulipia gati ya bandari kuu kwa muda wote wa msimu. Alimaliza shughuli zake na forodha, kisha akaenda kutia nanga katika hori isiyo na mtoza ada.

Mpango huu una masharti yake. Forodha na uhamiaji katika malango ya kadiri hawakai wakisubiri. Hutaka taarifa mapema, aghlabu ya saa 24 au zaidi, na nje ya saa za kazi ama hawapatikani ama huja kwa malipo ya ziada. Mpango wa safari ya ndege ni lazima upelekwe kwa waongozaji wa anga kabla ya kuvuka mpaka, si chini ya dakika 60 kabla ya kuondoka. Upande wa Uingereza, tangu Aprili 2024, taarifa ya watu waliomo ndegeni hupelekwa kwa njia ya mtandao, si mapema kuliko saa 48 wala si baadaye kuliko saa mbili kabla ya kuruka, na atakayepuuza huweza kutozwa faini ifikayo pauni 10,000. Akumbukaye kwamba faini moja ya namna hiyo hula akiba ya miaka mingi ataiweka kazi ya karatasi mbele ya kazi ya kutafuta viwanja rahisi.

Viwanja vya bara navyo vina masharti ambayo hayaandikwi katika orodha ya ada. Vingi havina mwongozaji mnarani. Marubani hutangaziana wenyewe kwa redio mahali walipo na wanalokusudia, na katika baadhi yake lugha inayoruhusiwa ni Kifaransa peke yake, hata ikawa rubani asiyejifunza maneno yale machache ya lazima amejifungia mwenyewe mlango wa unafuu. Kadhalika pampu ya petroli ya ndege mara nyingi haina muuzaji, nayo hufunguka kwa kadi ya kampuni fulani ya mafuta; asiye na kadi atakuwa ametua bure mahali asipoweza kuondoka. Kwa hiyo orodha ya viwanja vya kulala na orodha ya viwanja vya kununulia mafuta zapasa kuandikwa mbali mbali, kisha zilinganishwe.

Sasa tuje kwenye hisabu, kwa maana rahisi isiyopimwa huweza kuwa ghali. Tujaalie kwamba ndege inachoma lita 34 kwa saa, na kwamba lita moja ni yuro 2.50. Kupinda njia kwa dakika 15 ili kufikia kiwanja chenye ada ndogo kutagharimu lita 8 na nusu, yaani yuro 21 na ushei. Kwa mwenye ndege, ikiwa ada itapungua kwa zaidi ya hapo, kupinda kuna faida, na isipopungua hivyo ni hasara iliyovaa nguo za faida. Lakini aliyeikodi ndege kwa saa, tuseme kwa yuro 220, dakika zile zile 15 zitamgharimu yuro 55, na hukumu huenda ikageuka. Usiku nao hubadili mizani: ada ya kutua hulipwa mara moja, ilhali ada ya maegesho huongezeka kila usiku, hata kiwanja kilichokuwa na unafuu kwa mtu wa chakula cha mchana kikawa ghali kwa mtu wa siku tatu. Kanuni, basi, ni kuhesabu kwa safari nzima, kuanzia kuwasha injini nyumbani hadi kuizima nyumbani, na si kwa kiwanja kimoja kimoja.

Mafuta yana mlango wake wa akiba. Mkataba wa Chicago, katika kifungu cha 24, umeyasamehe ushuru wa forodha mafuta yaliyomo ndegeni wakati wa kuingia na yatakayobaki humo wakati wa kutoka, na Uingereza ina utaratibu wa kumrudishia rubani ushuru wa petroli ya ndege aliyoondoka nayo kwenda nje, maadamu ametunza stakabadhi na kujaza fomu. Visiwa vya Jersey, Guernsey na Alderney, vikiwa nje ya kodi za mafuta za Uingereza, vimekuwa tangu zamani vituo vya kujazia tangi. Hata hivyo lita za rahisi zina uzito: Cessna 172S hubeba kama lita 200 za kutumika, nazo ni kilo 144 hivi, na ikiwa uwezo wake wa kubeba, baada ya kuondoa uzito wa ndege yenyewe, ni kama kilo 395, basi tangi lililojaa huacha kilo 250 tu kwa watu na mizigo, yaani watu wazima watatu na si wanne. Ajazaye tangi kwa sababu ya bei pasipo kuangalia jedwali la uzito ameuza usalama kwa fedha kidogo.

Njia hii ina mafunzo kwa Afrika ya Mashariki pia, ijapokuwa si yote. Kenya, Tanzania na Uganda zimo katika mkataba ule ule, na rubani aondokaye kiwanja cha Wilson cha Nairobi, makao ya klabu ya marubani ya Afrika Mashariki iliyoasisiwa mwaka 1927, akaingia Tanzania kwa lango la Kilimanjaro, anaweza kufuata kanuni ile ile ya kulipia lango mara moja na kisha kulala katika viwanja vidogo vya bara. Tofauti ni kwamba mipaka yetu ingali na ukaguzi wa pasipoti kwa kila nchi, hivyo aendaye nchi tatu ana malango matatu ya kuyahesabia, na mpangilio bora kwake ni ule unaomaliza viwanja vyote vya nchi moja kabla ya kuvuka kwenda nyingine.

Nimeliacha la mwisho lile lililo zito kuliko yote. Kuna akiba zilizo haramu kwa rubani, na njia hii inazidhihirisha. Mstari ulionyooka kutoka Lydd hadi Le Touquet hupita juu ya maji mapana. Akipitia Dover na kuvuka hadi rasi ya Gris-Nez, ambako bahari ina upana wa kilomita 33 tu, safari huongezeka kwa kama kilomita 35, yaani dakika 11 hivi na lita sita za mafuta. Ndege ya namna hii, injini ikizimika, huteleza kama mara tisa ya kimo chake. Kwa hiyo akivuka hapo kwa kimo cha futi 6,000, pale anga iliyodhibitiwa inaporuhusu, na upepo ukiwa mtulivu, akiwa katikati kabisa anaweza kwa shida kuifikia pwani moja au nyingine. Lita sita hizo, na jaketi la kuokolea lililovaliwa na kila mtu, hazimo katika hisabu ya kupunguza. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na hapa kivunjikacho ni zaidi ya chungu.

Zaidi ya hayo kuna ada ya kutua mahali pasipokusudiwa. Mwaka 1997 mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza ilichapisha uchunguzi wa ajali za mauti za ndege ndogo, ikaeleza kwamba baadhi ya ajali hizo zingeepukwa kama rubani angegeuza njia mapema, na kwamba ilikuwapo desturi ya kusonga mbele kwa matumaini kuliko kukubali usumbufu na gharama ya kutua kwingine. Ikapendekeza viwanja visitoze ada kwa mwenye dharura. Charles Strasser, wa chama cha marubani na wenye ndege AOPA, aliishika kazi hiyo kwa bidii, akavishawishi viwanja vingi vya nchi ile kuisamehe ada ya rubani aliyefukuzwa na hali ya hewa au hitilafu, na mpango huo mpaka leo huitwa kwa jina lake. Lakini msamaha haupo kila mahali ng'ambo, na hautakiwi kungojewa. Rubani apangaye safari ya unafuu na aandike katika mstari wa kwanza wa bajeti yake, kabla ya petroli na kabla ya ada yoyote, fungu la kutua mara moja katika uwanja ghali kuliko vyote vilivyo njiani na kulala huko usiku mmoja. Fungu hilo likiwapo, mawingu yakishuka mbele yake atageuza ndege bila kuhesabu. Lisipokuwapo, basi safari hiyo, hata ikiwa imepangwa kwa ustadi namna gani, bado hajaimudu.