Wekundu wa Shaba katika Kuba la Sammy Baloji

Kiswahili hutofautisha shaba kwa rangi: kuna shaba nyekundu na shaba ya njano. Kwetu Lubumbashi, Shaba lilikuwa pia jina la mkoa, tangu 1971 hadi 1997. Kwa hiyo sisi tuliokulia karibu na bomba la kiwanda hatuoni katika rangi hiyo pambo tu; twaona nchi.

Hayo yanajitokeza katika The Other Memorial, kazi ya Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu (1978), iliyoonyeshwa Venice mwaka 2015. Msanii ameunda kuba la shaba kwa kufuata lile la kanisa la ukumbusho mjini Liège, Ubelgiji, lililoezekwa kwa shaba ya Katanga. Juu yake zimegongwa nakshi za chale. Kuba la Liège, kama shaba yote inyeshewayo, limegeuka kijani, na asili yake imefichika. Baloji anairudishia shaba wekundu wake, na pamoja nao ngozi ya watu. Hapa rangi yenyewe ndiyo hoja.

Hata hivyo, tuna swali. Chale zilikuwa lugha: zilieleza ukoo, umri na hadhi. Zikihamishwa kutoka mwilini hadi kwenye madini bila maelezo, mgeni ataona urembo mtupu. Upungufu huo si wa msanii peke yake. Ni wetu pia, tusiokusanya majina ya chale wazee wangali hai. Rangi tumerudishiwa, maneno yake bado.