Baiskeli Iitwayo Imani

Nianze na jambo ambalo sijawahi kulisema madhabahuni. Jumapili moja nilikuwa natoka ibada ya mtaani karibu na machimbo, nikakuta watu wamejaa barabarani. Katikati yao alikaa kijana, shati limechanika, damu usoni, na kando yake kiroba cha mawe ambayo watu walisema ameyaiba kwenye duara la mtu. Nilimtambua. Miaka mitatu kabla nilikuwa nimembariki kipaimara. Nilijisemea moyoni kwamba polisi watakuja, nikaendelea na safari. Kweli polisi walikuja, naye akapona, ila mkono wake mmoja haukunyooka tena.

Nimeombwa kuandika kuhusu imani na sanaa, nami nimechagua filamu za Italia. Najua wengine watashangaa. Nimezichagua kwa sababu hazikuniacha niisahau Jumapili ile.

Nilikutana nazo utotoni bila kujua ni za Italia. Tanzania Bara ilianza kuwa na televisheni mwaka 1994, na kwetu Kahama tulizipata picha kwenye kibanda cha video, jenereta ikinguruma nje. Kaka mmoja aliyejidai kujua Kiingereza alitusimulia kwa Kisukuma kilichochanganyika na Kiswahili. Tulimpenda Django aliyeburuta jeneza. Tuliwapenda Bud Spencer na Terence Hill waliopiga watu makofi bila mtu kufa. Tuliamini wote ni Wamarekani. Kumbe Bud Spencer aliitwa Carlo Pedersoli, na Terence Hill ni Mario Girotti.

Iliyokaa zaidi kichwani mwangu ni Il buono, il brutto, il cattivo ya Sergio Leone, ya mwaka 1966. Wanaume watatu wanatafuta dhahabu iliyofukiwa kaburini wakati Wamarekani wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja anajua ni makaburi ya wapi, mwingine anajua jina lililoandikwa juu ya kaburi, kwa hiyo hawawezi kuuana. Karibu na mwisho, Tuco anakimbia kati ya maelfu ya makaburi, muziki wa Ennio Morricone ukimsukuma, na kadiri anavyokimbia ndivyo makaburi yanavyogeuka kuwa mistari tu machoni pake. Hamwoni tena maiti hata mmoja. Sisi tunaoishi kati ya almasi ya Mwadui na dhahabu ya Geita hatuhitaji kuelezwa tukio hilo. Tumeona duara likibomoka juu ya watu, na wiki inayofuata wengine wakishuka palepale.

Filamu hiyo ina upungufu wake. Watu wanakufa na hakuna anayelia matanga, na wanawake karibu hawamo. Lakini ina tukio moja ambalo utotoni lilinipita. Tuco anamkuta kaka yake, ambaye ni padri, katika nyumba ya watawa. Padri anamlaumu kwa ujambazi na kwa kutowazika wazazi. Tuco anamjibu kwamba walikotoka, maskini alikuwa na njia mbili tu, upadri au ujambazi. Kaka alichagua yake, na ile iliyobaki ilikuwa ngumu zaidi. Wanapigana. Tuco anapoondoka, padri anabaki peke yake akiomba msamaha kwa sauti ambayo mdogo wake hawezi kuisikia. Nilipoitazama tena nikiwa mchungaji, niliinamisha kichwa. Hata mimi nimewahi kuomba msamaha baada ya mtu kuondoka.

Filamu ya pili nilionyeshwa na mwalimu wetu chuo cha teolojia. Ni Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1948. Kwa mtu wa Shinyanga haihitaji utangulizi. Huku baiskeli hubeba abiria, mkaa, maziwa na hata mgonjwa. Ukiniibia baiskeli umeniibia chakula cha watoto. Antonio, mtu wa Roma asiye na ajira, anapata kazi ya kubandika matangazo, kwa sharti awe na baiskeli. Yake ameiweka rehani. Mkewe Maria anavua mashuka ya vitanda na kuyapeleka rehani ili wakaikomboe. Mhudumu anapanda na furushi hilo juu kabisa kwenye rafu, nasi tunaona mashuka ya familia nyingine yamepangwa kuelekea darini. De Sica hasemi neno juu ya umaskini wa Roma baada ya vita. Rafu ile inatosha.

Baiskeli hiyo ni ya aina ya Fides, neno la Kilatini lenye maana ya imani. Inaibiwa siku ya kwanza ya kazi. Antonio na mwanawe Bruno wanaitafuta mji mzima. Wanaingia kanisani, ambako watu wa heshima wanawanyoa na kuwalisha maskini, na wanachokitaka zaidi ni kwamba asipige kelele. Anakwenda hata kwa mpiga ramli, yeye aliyemcheka mkewe kwa jambo hilohilo. Huku kwetu tunajua mchimbaji asiyepata kitu huelekezwa wapi, na tunajua ndugu zetu wenye ualbino walivyolipa kwa damu yao kwa sababu ya ramli hizo. Anapompata mwizi, anamkuta ni kijana mgonjwa anayeishi na mama yake katika chumba kimoja. Hana ushahidi, anaondoka mikono mitupu.

Mwishowe Antonio mwenyewe anaiba baiskeli. Anakamatwa, anapigwa makofi, kofia inaanguka. Bruno anaiokota huku analia. Mwenye baiskeli anamtazama mtoto, kisha anasema mtu huyu aachiwe. Pengine muziki wa filamu hii unatusukuma mno tulie; hilo ni kosa lake. Lakini mwisho wake hauna udanganyifu. Hakuna baiskeli inayopatikana. Kuna mkono wa mtoto tu unaoingia katika mkono wa baba aliyeaibika.

Hapo ndipo niliposhikwa. Mtu yule wa Roma alitazama sura moja akazuia umati. Mimi niliitazama sura ninayoijua nikakanyaga mafuta. Sungusungu walizaliwa huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, na machungu ya aliyeibiwa mimi siyadharau. Lakini Luther, katika Katekisimu Ndogo, anapoifafanua Amri ya Saba haishii katika kukataza kuiba. Anatudai tumsaidie jirani kulinda na kuendeleza mali yake na riziki yake. Katika Katekisimu Kubwa analalamika kwamba wezi wadogo wananyongwa huku wakubwa wakiheshimiwa. Kwa kipimo hicho, mwizi barabarani siku ile hakuwa mmoja.

Filamu ya tatu ni Il Vangelo secondo Matteo, Injili ya Mathayo, ya mwaka 1964. Mtengenezaji wake, Pier Paolo Pasolini, alikuwa mkomunisti asiyeamini. Hata hivyo maneno ya Yesu aliyachukua kwa Mathayo mwenyewe, na mitume na umati akawatafuta miongoni mwa watu wa kawaida. Alipiga picha kusini mwa Italia, Matera, na Mariamu wa uzeeni akamfanya mama yake mzazi. Utasikia muziki wa Bach, Mlutheri mwenzetu. Na kaburi linapofunguka, utasikia Gloria ya Missa Luba, misa iliyoanzia Kamina, Katanga, nchi ya watu wanaosema Kiswahili. Kamera inakaa juu ya nyuso zilizochomwa na jua, meno yamepungua, kana kwamba inasema Bwana alikuja kwa hawa.

Baadaye Pasolini alikuja kwetu. Alipiga picha Uganda na Tanzania, hadi sokoni Kigoma, akitafuta nyuso za kuigizia tamthilia ya kale ya Kiyunani. Kazi hiyo, Appunti per un'Orestiade africana, ilitoka mwaka 1970. Alipowaonyesha wanafunzi wa Kiafrika mjini Roma, walimpinga: Afrika si kitu kimoja, wala si kabila. Naona walisema kweli. Watu wa Matera aliwatazama kama watu. Wetu aliwatazama kama mfano wa jambo lake. Namheshimu kwa kuyaacha makemeo hayo ndani ya filamu. Sisi wachungaji tunaopiga picha za wajane kwa ajili ya ripoti tujifunze hapo.

Niliporudi kwa yule kijana ilikuwa imepita miezi minne. Alinipa shikamoo, akanipa kigoda kwa mkono uliobaki mzima. Kabla sijasema alinitangulia: "Mchungaji, siku ile nilikuona." Nilimwomba msamaha, safari hii akiwa mbele yangu. Hakunijibu upesi. Aliniuliza kama bado nafundisha Amri ya Saba. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi waambie na wale walionizunguka."

Ndiyo maana nimeandika. Bwana wetu alisulubiwa kati ya wanyang'anyi wawili, na Mathayo hakuona haya kuiandika habari hiyo. Utakaposikia tena mtu akipiga yowe la mwizi, ndugu yangu, usipite. Sogea mpaka uione sura.