Asili ya Neno na Imani ya Msomaji: Uhakiki wa Hoja ya Okot p'Bitek kuhusu Jina la Mungu, kwa Ushahidi wa Nile Magharibi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki hoja ya Okot p'Bitek kwamba jina la Mungu katika mahubiri ya Kikristo miongoni mwa Waacholi lilitokana na kutoelewana kati ya wamisionari na wazee. Kwa kutumia mifano ya Kilugbara na Kikakwa, makala yanadai kuwa hoja hiyo ina nguvu inapoeleza jinsi neno lilivyoteuliwa, lakini inapungukiwa inapotaka asili ya neno iamue imani ya anayelitumia leo.

1.0 Utangulizi

Mabishano kati ya Wakristo na wanaotilia shaka mafundisho yao huhusu zaidi miujiza, Utatu au ufufuo. Afrika Mashariki ina mjadala mwingine ulio karibu zaidi na taaluma ya lugha: je, Mungu anayetajwa katika Biblia iliyotafsiriwa ndiye waliyemjua wazee kabla ya wamisionari? John Mbiti, katika African Religions and Philosophy (1969) na Concepts of God in Africa (1970), alielekea kujibu ndiyo. Okot p'Bitek, mshairi na mwanaanthropolojia Mwacholi, alikataa katika African Religions in Western Scholarship (1970), akiwalaumu wataalamu wa aina ya Mbiti kwa kuivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki.

Kwa muumini wa Midia, wilayani Koboko, jibu la swali hili lina uzito nyumbani kwake. Ndilo linaloamua kama babu yake alimwomba Mungu yuleyule anayeombwa kanisani, au kama maombi yake yote yahesabiwe kuwa upotevu.

2.0 Nguvu ya Hoja

Kisa kinachobeba hoja ya p'Bitek kinafahamika. Anasimulia kwamba mwaka 1911 mapadri wa Kiitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kwa kuwa lugha yao haikuwa na kitenzi cha kuumba pasipo kitu, swali likageuzwa kuwa: ni nani aliyewafinyanga? Wazee walijua kwamba watu huzaliwa na mama zao. Waliposhikiliwa wajibu, mmoja akakumbuka kuwa yuko anayeufinyanga upya mwili wa mtu: Rubanga, nguvu iliyoaminiwa kusababisha kibyongo. Hivyo Rubanga akawa jina la Muumba.

Thamani ya kisa hiki ni kwamba kinaonyesha ufafanuzi wa Maandiko ukianzia ndani ya swali lenyewe, kabla ya jibu lolote kutolewa. Kitenzi kilichochaguliwa kiliweka mipaka ya majibu yaliyowezekana, na aliyeuliza ndiye aliyeamua jibu lipi litoshe. Watetezi wa imani hujibu kuwa kosa la mtafsiri haliharibu ukweli wa Neno. Jibu hilo linakwepa kiini cha hoja, kwa sababu msomaji wa kawaida analipata Neno kupitia maneno yaleyale aliyoteuliwa na mtafsiri.

3.0 Udhaifu wa Hoja

Hata hivyo, p'Bitek anavuka kutoka historia ya uteuzi wa neno hadi maana yake kwa waumini bila kujenga daraja kati ya mambo hayo mawili. Vizuizi vitatu vinasimama njiani.

Kwanza, dhana ya kufinyanga si ngeni katika Maandiko. Kitenzi cha Kiebrania kinachotumika katika Mwanzo 2:7, pale mtu anapoumbwa kwa mavumbi, kina mzizi mmoja na neno la Kiebrania la mfinyanzi. Swali la mapadri lilikuwa karibu na matini kuliko p'Bitek anavyokubali. Tatizo lilikuwa kwamba wazee walikuwa na mfinyanzi mwingine akilini.

Pili, kama asili ya neno ingekuwa hukumu ya mwisho, hakuna lugha ambayo ingesalimika. Neno theos la Kigiriki lilitumika kwa Zeu na wenzake kabla ya Wayahudi wa Aleksandria kulitia katika tafsiri yao ya Torati. Mulungu, jina lenye uhusiano wa karibu na Mungu wa Kiswahili, lilielezwa na Alexander Hetherwick mwaka 1902 kuwa miongoni mwa Wayao lilihusishwa pia na roho za wafu.

Tatu, maana hukaa katika matumizi. Mkristo wa Kiacholi anayesali kwa Rubanga haombi apewe kibyongo. Sala, nyimbo na mahubiri vya vizazi kadhaa vimelijaza neno hilo maana nyingine.

4.0 Ushahidi wa Nile Magharibi

Mkoa huu unatoa nafasi nzuri ya kupima hoja hiyo, kwa kuwa jamii mbili jirani zilipitia njia tofauti. John Middleton, katika Lugbara Religion (1960), anaeleza kuwa Walugbara walimtaja Adroa aliye juu mbinguni na adro akaaye mitoni, anayeogopwa. Biblia ya Kilugbara ya mwaka 1966 inatumia jina la kuazima, Mungu. Mkosoaji anaweza kusema kuwa huku ni kumkimbia Adroa. Muumini anaweza kusema kuwa ndiyo njia ya kuuepuka mtego wa Rubanga. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Lakini neno la kuazima lina gharama yake: linamdokezea msomaji kuwa jina walilolitumia wazee wake halikufaa. Isitoshe, ukimbizi huo haukukamilika. Roho Mtakatifu huitwa Orindi Alatararu, na orindi, yaani nafsi ya mtu, ni neno lenye undugu wa wazi na ori, mizimu ya wahenga.

Wakakwa wa Midia na Koboko wanalo jina Ngun, pamoja na jamaa zao Wabari. Kuhusu Wabari, C. G. Seligman na Brenda Seligman (1932) walirekodi Ngun wa juu na Ngun wa chini, mgawanyo unaokaribiana sana na ule wa Adroa na adro. Kwa mantiki ya p'Bitek, anayesali kwa Ngun na anayesali kwa Mungu wangepaswa kuwa na dini mbili. Lakini Waanglikana wa jamii hizo waliishi katika dayosisi moja, Madi na Nile Magharibi, ambayo askofu wake tangu 1969 hadi 1977 alikuwa Silvanus Wani, Mkakwa. Majina yalikuwa mawili na ungamo la imani lilikuwa moja.

5.0 Hitimisho

Kila upande una deni. Wakosoaji wanapaswa kusikiliza jinsi neno linavyotumika katika sala na mahubiri ya leo kabla ya kutangaza kuwa waumini wamedanganyika. Waumini nao wakubali kwamba majina wanayoyaona matakatifu yaliteuliwa na wanadamu, mara nyingine kwa haraka na kwa shinikizo. Wakikubali hilo, itakuwa vigumu kuwahukumu wazee wa Midia kwa sababu tu jina walilolitaja halikuandikwa kitabuni. Watafiti wa Kiswahili wana sababu ya ziada ya kuufuatilia mjadala huu: neno la lugha yao liko katikati ya kesi, na historia yake huko Nile Magharibi bado inastahili uchunguzi wa kina.