Heko, Masista wa Zamu ya Usiku

Saa moja na nusu asubuhi, wodi ya wazazi. Sista anakabidhi zamu, daftari la ripoti mkononi, kitanda kwa kitanda: nani kajifungua, nani presha imepanda, dripu ya nani imebaki nusu. Sauti imemkauka. Chai aliyoimimina saa saba usiku iko palepale, imepoa, haijaguswa.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliitaja hali hii ya kuishiwa nguvu kuwa tatizo la kazini, si ugonjwa: uchovu usiokwisha, kuichukia kazi, ufanisi kushuka. Manesi walikuwa wakiijua siku nyingi.

Lakini mkute sista huyohuyo Jumamosi jioni kwenye mpira wa pete, raba miguuni, anapiga kelele apewe pasi, anacheka hadi anakaa chini. Mwenzake yuko kwaya. Mwingine anamwagilia mchicha wake. Kwa saa nzima hakuna anayewaita.

Tusidanganyane, mpira wa pete hauongezi watumishi wodini. Wakuu wa vituo, pangeni zamu ili Jumamosi hiyo ipatikane. Nasi tunaopeleka wagonjwa, tukimkuta sista mezani, tuanze na salamu.