Karatasi ya usalama ilisema "funga ethi", ikaishia hapo

Msomaji wetu, kama umewahi kufanya kazi karibu na mapipa ya kemikali, bila shaka umeiona karatasi ya usalama. Kipengele chake cha umemetuli mara nyingi ni kifupi: vyombo viunganishwe kwa waya, vifungwe ethi. Basi. Leo naikosoa sentensi hiyo, na ushahidi wangu unatoka Kansas, Marekani.

Tarehe 17 Julai 2007, kwenye bohari ya Barton Solvents huko Valley Center, nje kidogo ya Wichita, nafta ya kuchanganyia rangi na vanishi ilikuwa inahamishwa kutoka kwenye lori kwenda kwenye tangi. Tangi likalipuka. Wakazi wapatao 6,000 wakahamishwa. Wachunguzi wa CSB, bodi ya serikali inayochunguza ajali za kemikali, walikuta jambo la kukera: lori, pampu, mabomba na tangi vyote vilikuwa vimefungwa ethi. Yaani karatasi ilitiiwa!

Sasa kosa liko wapi? Ethi huondoa chaji iliyoko kwenye chuma, na nafta si chuma. Ikipita kwenye bomba hubeba chaji, huingia nayo tangini, na kwa kuwa haipitishi umeme vizuri, chaji hiyo haikimbilii ukutani upesi. Hebu tupige hesabu: kimiminika chenye upitishaji wa pikosimensi 1 kwa mita huchukua kama sekunde 18 chaji yake kushuka hadi kitu kama theluthi. Utasema sekunde 18 ni kidogo. Lakini pampu haisubiri, inazidi kuleta nyingine. Hewa iliyonaswa bombani, maji na takataka za chini ya tangi huongeza balaa. Humo ndani kulikuwa pia na boya la kupimia kina, kiungo chake kimelegea, na CSB inaona huenda cheche iliruka hapo.

Halafu kuna hili, ambalo mimi mwenyewe lilinishangaza. Juu ya petroli tangini, mvuke kwa kawaida huwa mzito kupita kiasi, hauna hewa ya kutosha kuwaka. Wa nafta ya aina hii unaweza kuangukia palepale panapowaka.

Ripoti ya CSB naisifu kwa sababu haikumtupia lawama mfanyakazi. Inataka karatasi zenyewe ziseme wazi kwamba ethi huenda isitoshe, na zitaje hatua za ziada: kujaza naitrojeni juu ya kimiminika, kuongeza dawa ya kupunguza umemetuli, kusukuma kwa mwendo usiozidi mita 1 kwa sekunde. Naitrojeni ni gharama, sawa. Kupunguza mwendo wa pampu je?

Na sisi walimu tusijifiche. Shuleni tulisugua kalamu kwenye nywele, ikaokota vipande vya karatasi, tukacheka, kipindi kikaisha. Hakuna aliyetuambia kwamba mwili wa mtu wenye volti 10,000 unaweza kutoa cheche ya milijuli 5 hivi, wakati mivuke mingi ya mafuta huwashwa na milijuli 0.2 tu.

Kwa hiyo siku ukienda kununua petroli na dumu, usilijaze likiwa juu ya gari. Lishushe, liweke chini kabisa, mdomo wa bomba uguse dumu muda wote.