Mikono ya Mkunga

Zahanati za vijijini zinazopeleka rufaa Hospitali ya Mvumi, ile ya Kanisa Anglikana kusini-mashariki mwa Dodoma, hazina chumba cha upasuaji. Mvua ikinyesha na makorongo yakajaa, hata gari la wagonjwa hukwama. Mzazi akitoka damu isiyosimama, aliyepo ni mkunga.

Mwisho wa ujauzito, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mfuko wa uzazi kila dakika. Kondo likishatoka, misuli hukaza na kuibana mishipa iliyopita katikati yake. Isipokaza, mishipa hubaki wazi. Na damu si lazima ionekane: mabonge yakiziba njia, mfuko hujaa ndani kwa ndani huku shuka ni karibu kavu. Mkunga hodari haliamini shuka. Kiganja chake kiko tumboni, kinatafuta ugumu.

Husugua, hutoa mabonge, huhakikisha kibofu ni kitupu maana kikijaa mfuko haukazi. Huchoma oksitosini, dawa isiyostahimili joto la Dodoma. Ikiwa imeharibika, kuna vidonge vya misoprostoli. Asidi ya traneksamiki hutolewa kabla saa 3 hazijapita tangu kujifungua.

Damu ikikaidi, ndipo ngumi. Mkono mmoja wenye glovu huingia ukeni na kukunjwa mbele ya shingo ya mfuko; wa pili, juu ya tumbo, huushika mfuko kwa nyuma, ukabanwa katikati. Kwenye picha utadhani ni kazi ya nguvu. Nguvu huisha mapema mno. Kazi yenyewe ni kutolegeza, na kumsemesha mama anayeumia.

Mbinu ninayoistaajabia zaidi haiingii mwilini kabisa. Ngumi hukandamiza juu kidogo ya kitovu, upande wa kushoto, mpaka mshipa mkuu ubanwe kwenye uti wa mgongo. Vidole vya mkono wa pili viko kinenani, vinasikiliza mapigo. Yakisikika, ngumi bado haijafika. Yakipotea, imefika, na haiondoki.

Mikono ikielemewa, kondomu hufungwa kwenye mpira wa mkojo, huingizwa ndani ya mfuko wa uzazi na kujazwa maji ya dripu hadi ibane kutokea ndani. Aliyeibuni mbinu hii ni Dk. Sayeba Akhter wa Bangladesh, kwa sababu puto la kiwandani lilikuwa ghali mno kwa wagonjwa wake.